Muuguzi anayeisomea mahakama faili ya hospitali, na kwa nini masomo yake hayaishi

Hapa kwetu Pwani, nyumba ikifiwa na mzazi aliyekwenda kujifungua, neno la kwanza kusemwa barazani ni kwamba hiyo ni amri ya Mungu. Ni kweli, na hakuna Muislamu wa kulipinga. Lakini kadari haimkatazi mtu kuuliza kilichotokea. Fiqhi yetu wenyewe ina mlango mzima wa dhamana na dia, na wanazuoni tangu zamani wamesema kwamba anayetibu watu bila elimu ya tiba hubeba dhamana ya alichokiharibu. Kwa hivyo aliyefiwa akiuliza, "Ilikuwaje?", hajamkufuru Mola wake. Anauliza swali la haki.

Shida huanza pale anapotafuta jibu. Jibu liko ndani ya faili ya hospitali, na faili hiyo ina kurasa thelathini, arubaini, zimejaa maandishi ya haraka, vifupisho, saa, namba na saini. Wakili anaijua sheria, ila hajui kwa nini mapigo ya moyo ya mtoto tumboni yaliandikwa saa mbili usiku kisha yasiandikwe tena mpaka saa sita. Daktari bingwa anaweza kuisoma, lakini ni wachache, wana kazi nyingi, na ada zao si za mtu wa kawaida. Isitoshe, sehemu kubwa ya yaliyoandikwa mle haikuandikwa na daktari. Iliandikwa na muuguzi, kwa sababu yeye ndiye anayekesha wodini.

Leo nataka kueleza kazi ambayo wengi wetu hatujaisikia: kazi ya muuguzi anayewashauri mawakili na mahakama katika kesi zinazohusu matibabu. Na zaidi ya kazi yenyewe, nataka kueleza kwa nini muuguzi huyo lazima aendelee kusoma mwaka hata mwaka, na kwa nini asiposoma anaweza kumdhulumu mtu akidhani anamsaidia.

Kazi yenyewe ni ipi

Kwanza tutenganishe watu wawili wanaochanganywa.

Wa kwanza ni muuguzi shahidi wa tukio. Huyu alikuwa zamu siku hiyo. Alimpokea mgonjwa, alimpima, aliandika. Mahakama ikimwita, inamtaka aseme alichokiona na alichokifanya, basi.

Wa pili ni muuguzi mshauri. Huyu hakuwapo. Hamjui mgonjwa wala hana ugomvi na hospitali. Anapewa faili aisome, apange matukio kwa tarehe na saa, aonyeshe mapengo yaliyomo, aeleze muuguzi mwenye mafunzo ya kawaida alitarajiwa kufanya nini katika hali ile, kisha aandike ripoti ambayo wakili na hakimu wanaielewa. Mara nyingine kazi yake huishia ofisini kwa wakili, na pengine ushauri wake ni kwamba hapa hakuna kesi, familia isipoteze pesa. Mara nyingine huitwa kizimbani atoe maoni yake kama shahidi mtaalamu.

Kazi hii ilijipatia jina na chama Marekani. Wauguzi wa kule walianza kuitwa mahakamani kueleza viwango vya uuguzi, mawakili wakaona faida yake, na mwaka 1989 wakaanzisha chama chao cha kitaifa cha wauguzi washauri wa sheria. Baadaye chama kikaweka mtihani wa kupata cheti. Anayetaka kuufanya lazima awe na leseni ya uuguzi, awe amefanya kazi ya uuguzi kwa miaka isiyopungua 5, na awe na saa 2,000 za kazi ya ushauri katika miaka 5 iliyotangulia. Cheti chenyewe hakidumu. Kila baada ya miaka 5 lazima kifanywe upya, ama kwa kufanya mtihani tena, ama kwa kuonyesha saa 60 za masomo pamoja na saa za kazi.

Dada yake wa karibu ni uuguzi wa ushahidi wa jinai, ule wa kuwahudumia waliobakwa, waliopigwa na watoto walioumizwa. Wauguzi hao nao waliunda chama chao cha kimataifa mwaka 1992, pia Marekani.

Faili inavyosomwa

Tuchukue mfano niliouunda mwenyewe, usiomhusu mtu yeyote, ili tuone kazi inavyokwenda.

Mama wa mimba ya kwanza anapokelewa kituo cha afya upande wa Likoni saa mbili usiku. Saa kumi na mbili asubuhi anaandikiwa rufaa avuke kisiwani, kwenda Hospitali Kuu ya Pwani. Gari la wagonjwa linasubiri feri. Mtoto anazaliwa akiwa hana uhai. Familia inasema, "Sista alilala." Kituo kinasema, "Tulifanya kila kitu."

Muuguzi mshauri haanzi kwa kuamua nani mkweli. Anaanza na karatasi ya kufuatilia uchungu wa uzazi, ile wakunga wanayoiita patografu. Kwa utaratibu wa karatasi hiyo, mapigo ya moyo ya mtoto huandikwa kila nusu saa, na mama hupimwa njia kila saa nne. Je, nukta zipo? Kama kuna pengo la saa tatu, nani alikuwa zamu? Na kama nukta zote zipo, kila nusu saa bila kukosa, zote kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, na mapigo ni yale yale 140 usiku kucha, hapo pia panahitaji kuulizwa. Moyo wa mtoto hupanda na kushuka. Karatasi iliyonyooka mno huenda ilijazwa kwa mkupuo alfajiri.

Kisha analinganisha. Saa ya rufaa iliyoandikwa kwenye faili inalingana na daftari la gari la wagonjwa? Hospitali iliyompokea iliandika amefika saa ngapi, na katika hali gani? Panapofutwa, pamefutwaje? Utaratibu wa uuguzi ni kupiga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, kisha kuweka saini na saa. Aliyechelewa kuandika anaruhusiwa kuandika baadaye, mradi aseme wazi kwamba haya yameandikwa baadaye. Panapopakwa rangi nyeupe ya kufutia, wakili wa upande wa pili atapashikilia.

Halafu, na hapa ndipo uadilifu unapoonekana, anaomba daftari la zamu. Huenda akakuta usiku ule kulikuwa na muuguzi mmoja na wazazi tisa, wawili wakijifungua kwa wakati mmoja. Hapo ripoti yake haitasema "sista alilala". Itasema kwamba mtu mmoja hawezi kufuata kila nusu saa wazazi tisa, na swali liende kwa mwenye jukumu la kupanga wafanyakazi. Hiyo ni tofauti kubwa. Kosa moja ni la mtu, jingine ni la mfumo, na fidia inaweza kudaiwa bila kumvunjia mtu mmoja maisha yake kwa dhambi isiyo yake.

Mwisho anafika kwenye swali ambalo familia nyingi hulisahau. Katika sheria ya uzembe haitoshi kuonyesha kwamba kosa lilifanyika. Lazima ionekane kwamba mhudumu alikuwa na wajibu kwa mgonjwa, kwamba aliuvunja, kwamba madhara yalitokea, na kwamba madhara hayo yaliletwa na kuvunjwa kule kwa wajibu. Mtoto huenda alikuwa ameshafariki kabla mama hajafika kituoni. Muuguzi anaweza kuonyesha faili inasema nini kuhusu hilo, na pale ambapo chanzo cha kifo kinahitaji daktari bingwa, anasema wazi kwamba hapa atafutwe daktari. Kujua mpaka wa elimu yako ni sehemu ya elimu hiyo.

Kwa nini masomo hayaishi

Sasa tufike kwenye kiini. Mtu atauliza: muuguzi aliyesoma KMTC, akakaa wodi ya wazazi miaka ishirini, anahitaji kusoma nini tena ndipo aielewe patografu?

Jibu ni kwamba patografu yenyewe imebadilika. Kwa miaka mingi wakunga walifundishwa kwamba uchungu wenyewe hasa unaanza njia ikifunguka sentimita 4, na kwamba kutoka hapo inatarajiwa kuongezeka sentimita moja kila saa. Karatasi ilichorwa mstari wa tahadhari kwa hesabu hiyo, na mstari wa kuchukua hatua saa nne mbele yake. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likatoa mapendekezo mapya: hatua hiyo ihesabiwe kuanzia sentimita 5, na kipimo cha sentimita moja kwa saa kisitumike kwa kila mama, kwa sababu wanawake wengi wazima wa afya huenda polepole kuliko hivyo na wakajifungua salama. Mwaka 2020 likatoa mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu kuchukua nafasi ya karatasi ya zamani.

Fikiria sasa muuguzi aliyemaliza chuo mwaka 2004, hajasoma kitu tangu hapo, anapewa faili ya mwaka 2023. Anaona mama alikaa sentimita 4 kwa saa tano na hakupelekwa rufaa. Kwa elimu yake ya zamani, huo ni uzembe wa wazi. Anaandika hivyo. Mkunga aliyefuata mwongozo mpya sawasawa anaburutwa mahakamani kwa maoni ya mtu ambaye elimu yake imepitwa.

Na kinyume chake pia ni dhulma. Muuguzi kijana aliyefundishwa mwongozo mpya akipewa faili ya mwaka 2012, hawezi kumhukumu mwenzake wa wakati ule kwa kanuni ambazo hazikuwa zimeandikwa. Mahakama hupima tendo kwa elimu ya siku lilipotendeka.

Kuna kesi maarufu ya Uingereza inayofundishwa kwa jambo hili, Roe v Minister of Health. Mwaka 1947 wagonjwa wawili walifanyiwa upasuaji siku moja katika hospitali ya Chesterfield, wakadungwa ganzi ya uti wa mgongo, na wote wawili wakapooza kuanzia kiunoni. Vichupa vya dawa vilikuwa vimehifadhiwa ndani ya fenoli ili visipate vijidudu, na mahakama iliambiwa kwamba fenoli ilipenya kupitia nyufa ndogo zisizoonekana kwa jicho. Kesi ilipoamuliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 1954, hatari hiyo ilikuwa imeshajulikana na kuandikwa vitabuni. Lakini mwaka 1947 haikujulikana. Majaji wakasema hospitali haikuwa na hatia.

Kwa hivyo muuguzi mshauri anabeba mizigo miwili: ajue kanuni ya leo, na ajue kanuni ya siku ile. Hilo halipatikani kwa diploma aliyoitundika ukutani. Linapatikana kwa kusoma kila mwaka na kuweka miongozo ya zamani isipotee inapoletwa mipya.

Sheria nayo haisimami. Kipimo cha kesi ya Bolam ya mwaka 1957, ambacho mahakama zetu pia hukitaja, kinamlinganisha mhudumu na mwenzake wa kawaida mwenye ujuzi ule ule. Mwaka 1997, kesi ya Bolitho ikaongeza kwamba haitoshi wataalamu kusema "sote hufanya hivi", lazima wanachokifanya kiwe na mantiki. Mwaka 2015, kesi ya Montgomery ikabadilisha mambo ya ridhaa: mgonjwa aelezwe hatari ambazo yeye angezijali, si zile tu ambazo daktari ameona zinafaa kusemwa. Hapa Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu, faida, hatari na gharama, kwa lugha anayoielewa. Muuguzi asiyeijua sheria hii ataiona saini ya mgonjwa kwenye fomu na kudhani mambo yamekwisha. Aliyesoma atauliza: bibi huyu wa Kipini alielezwa kwa lugha gani?

Isitoshe, faili zenyewe zinatoka kwenye karatasi kwenda kwenye kompyuta. Tumepata Sheria ya Kulinda Data ya 2019, Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023, na tangu Oktoba 2024 tumeingia kwenye mfumo wa SHA. Katika kompyuta huoni mwandiko wala wino. Unachotafuta ni kumbukumbu ya mfumo inayoonyesha nani aliingia, saa ngapi, akabadilisha nini. Na ushahidi wa kompyuta una masharti yake katika Sheria ya Ushahidi, ikiwamo cheti kinachoeleza ulivyotolewa. Hayo yote ni masomo mapya kwa muuguzi aliyezoea kalamu.

Anasoma nini hasa

Masomo ya kuendelea kwa wauguzi wa kazi hii yana mafungu manne.

La kwanza ni uuguzi wenyewe. Mshauri mzuri hutoa maoni katika fani yake tu. Wa wodi ya wazazi asizungumzie chumba cha wagonjwa mahututi. Na ni vizuri awe bado anashika wagonjwa, maana aliyeacha wodi miaka kumi hujibu maswali ya mahakama kwa kukumbuka tu.

La pili ni sheria: uzembe ni nini, ushahidi hupokelewaje, siri ya mgonjwa inalindwaje, muda wa kufungua kesi unaisha lini. Hahitaji kuwa wakili. Anahitaji kujua swali la kisheria ambalo maoni yake yanalijibu.

La tatu ni uandishi. Kupanga matukio kwa saa, kutenganisha kinachosemwa na faili na anachokifikiri yeye, na kuandika ripoti ambayo mtu asiye wa hospitali anaielewa. Neno "alibadilika hali" halitoshi. Hali gani, kutoka nini kwenda nini, saa ngapi, nani aliarifiwa?

La nne ni kizimba. Kuhojiwa na wakili wa upande wa pili ni kazi nyingine kabisa. Wakili atakuuliza swali moja kwa njia tano. Atakuuliza uliposoma mara ya mwisho. Atakutaka useme "ndiyo" pale ambapo jibu la kweli ni "inategemea". Wauguzi hujifunza haya kwa mazoezi, mmoja akijifanya wakili na mwingine shahidi, mpaka mtu ajue kusema "sijui" bila kutetemeka.

Hapa Kenya tumefika wapi

Watu wengine hudhani kwamba mahakama ya Kenya haimtambui muuguzi. Si kweli. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu maoni ya mtu mwenye ujuzi maalumu katika sayansi au fani. Kinatazama ujuzi wake. Hakisemi lazima awe daktari.

Katika kesi za dhuluma za kingono hali iko wazi zaidi. Baada ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kanuni za matibabu za 2012 zilimtaja muuguzi aliyesajiliwa miongoni mwa wanaoweza kumhudumia na kumpima mwathiriwa. Fomu ya huduma baada ya ubakaji, inayojulikana kama PRC, mara nyingi hujazwa na muuguzi, na ndiyo inayoandaliwa kabla ya fomu ya P3 ya polisi. Muuguzi huyo ana mambo mawili kwa wakati mmoja. Anamtibu mtu, maana dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72. Na papo hapo analinda ushahidi. Nguo zikaushwe, zitiwe kwenye mfuko wa karatasi ya kaki, zisitiwe kwenye plastiki, kwa sababu unyevu huota ukungu na kuharibu chembe za ushahidi. Kila mfuko uandikwe jina, tarehe na saa, na kila anayeupokea atie saini, tangu wodini mpaka kwa polisi mpaka maabara. Saini moja ikikosekana, wakili wa mshtakiwa atauliza mfuko huo ulilala wapi usiku ule.

Wangapi wetu tumesikia mtoto amedhulumiwa, kila mtu mtaani anajua, na kesi ikaanguka? Watu husema hakimu kahongwa. Pengine. Lakini pengine fomu ilijazwa nusu, au nguo zilifuliwa, au aliyeijaza fomu alihamishwa na hakuna aliyejua kuieleza mahakamani. Mafunzo ya siku tatu kwa muuguzi mmoja wa zahanati yanaweza kuokoa kesi kama hiyo.

Njia ya mafunzo ipo tayari. Baraza la Wauguzi la Kenya humtaka kila muuguzi akusanye pointi za masomo ya kuendelea ndipo leseni yake ifanywe upya. Pointi hizo hupatikana kwa semina za hospitali, makongamano na kozi za mtandaoni. Wauguzi wetu wa Pwani huzikusanya kila mwaka kwa mada za malaria, kisukari, chanjo na usafi wa mikono, na zote ni muhimu. Ninachosema ni kwamba sheria na uandishi wa kumbukumbu zinastahili nafasi katika hesabu hiyo, tena nafasi ya kila mwaka.

Je, si kuwasaliti wenzake?

Hili ndilo linalowazuia wengi. Muuguzi atakwambia, "Niende nikamshuhudilie mwenzangu vibaya? Kesho nitakaa naye wodi gani?"

Namwelewa. Lakini kazi hii si ya upande mmoja. Hospitali nayo huhitaji mshauri, na muuguzi aliyeshtakiwa kwa uongo humhitaji kuliko wote. Kanuni inayofundishwa kila mahali ni kwamba shahidi mtaalamu wajibu wake wa kwanza ni kwa mahakama, hata kama ada yake imelipwa na upande mmoja. Anayebadilisha maoni kwa kumtazama aliyemlipa ameuza ushahidi wake. Sisi tuliolelewa kwenye chuo tunajua uzito wa shahada. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Surat Al-Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Ikiwa deni la pesa limepewa uzito huo, je, roho ya mtu?

Na kuna makosa ambayo kuyanyamazia ndiko kuisaliti kazi. Mwaka 2013 mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya umma ya Bungoma, akapigwa makofi na kutukanwa na wauguzi. Alikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2018 ikaamua kwamba haki zake za kikatiba zilivunjwa, ikaagiza alipwe shilingi milioni 2.5. Hukumu ile haikuwadhalilisha wauguzi wa Kenya. Iliwakumbusha kiwango chao.

Tahadhari tatu

Kwa muuguzi anayevutiwa: kuna kozi nyingi mtandaoni zinazouza cheti chenye jina kubwa kwa dola nyingi. Hata Marekani, cheti si leseni, na hakuna cheti cha wikendi moja kitakachojibu maswali ya wakili. Anza na fani yako, soma sheria za hapa, ndipo ufikirie cha nje. Ukiwa na nia ya kwenda kufanya kazi Uingereza, Marekani au Ghuba, jua kwamba kila nchi ina sheria yake.

Tahadhari ya pili: usipige faili picha kwa simu ukaituma kwa wakili au kwa ndugu wa mgonjwa kupitia WhatsApp, hata ukidhani unamsaidia. Siri ya mgonjwa inalindwa na sheria, na ushahidi uliopatikana kwa mlango wa nyuma unaweza kukuletea kesi wewe. Faili huombwa kwa barua, na mgonjwa au familia, au kwa amri ya mahakama.

Ya tatu ni kwa familia: msikae. Kesi ya uzembe kwa kawaida ina miaka 3 tangu tukio, lakini dhidi ya serikali muda ni miezi 12 tu. Matanga yakiisha, ombeni nakala ya faili kwa maandishi, wekeni kadi, risiti na barua ya rufaa pamoja, andikeni mnachokumbuka kwa tarehe na saa kabla hakijasahaulika, na mwoneni wakili mapema. Kisha mwulizeni wakili huyo swali moja: ni nani atakayetusomea faili hii?

Nini kifanyike

Tunayo KMTC Mombasa na matawi yake mengine Pwani. Tunacho Chuo Kikuu cha Pwani kinachofundisha uuguzi. Tunao mawakili wa chama chao, tawi la Mombasa. Na Hospitali Kuu ya Pwani ina kituo cha kuwahudumia waliodhulumiwa kijinsia, ambako kuna wauguzi waliokwisha kusimama kizimbani na wanaojua mengi ambayo hayajaandikwa kitabuni. Hawa wote hawahitaji jengo jipya wala mfadhili ili wakae siku mbili kwa mwaka, wachukue faili zilizofutwa majina, mawakili wawahoji wauguzi, wauguzi wawafundishe mawakili kusoma patografu, na Baraza liombwe liwape pointi.

Serikali za kaunti nazo zitazame upande wao. Fidia hulipwa kwa pesa za umma. Semina ya siku mbili ni rahisi kuliko hukumu moja, na muuguzi anayejua kwamba karatasi yake inaweza kusomwa na mwenzake siku moja mahakamani ataijaza vizuri zaidi usiku huu, kituo kikiwa kimejaa na yeye yuko peke yake. Anayefaidika kwanza na elimu hiyo ni mzazi aliyelala kitandani, na huyo hatahitaji wakili.